Jina Moja, Watu Watatu: Kumfuatilia Babu Mkulima wa Karne ya 19 Nchini Uganda

Chukua mfano huu, ambao katika familia za Buganda hutokea mara nyingi. Kitabu cha ndoa cha kanisa, mwaka 1911, kinaonyesha bwana harusi ameandikisha jina la baba yake: Mukasa, kazi yake kulima. Ndani ya sanduku la bati la bibi mna risiti ya busuulu, yaani kodi ya ardhi anayolipwa mwenye shamba, ya mwaka 1931, imeandikwa kwa jina la Mukasa. Nao wazee wakikaa matangani husimulia kwamba Mukasa ndiye aliyewahamisha watu wake wakati wa vita vya dini, mwaka 1892, akiwa tayari na wake wawili na watoto wanaochunga mbuzi. Familia inachora mti wa nasaba, inamwandika Mukasa mmoja, kisha inashangaa inakuwaje mtu huyo awe kila mahali kwa muda wote huo. Yaelekea hakuwa mmoja. Ni wawili, huenda watatu, na kilichowaunganisha ni desturi ya urithi.

Mtu mzima akifa Buganda, ukoo humteua musika, yaani mrithi, na humsimika siku ya kumaliza matanga, kwabya lumbe kama inavyoitwa kwa Kiganda. Musika harithi mali tu. Anashika nafasi ya marehemu: watoto wa marehemu humwita baba hata kama ni mdogo kwao kwa umri, wajukuu humwita jjajja, yaani babu, na mara nyingi jina nalo humfuata. Si lazima awe mtoto wa kwanza. Anaweza kuwa mtoto wa ndugu, na mara nyingi ni mjukuu. Kwa hiyo mzee anapokwambia "Mukasa alimzaa babu yangu", huenda anasema kweli kwa hesabu ya nafasi, lakini si kwa hesabu ya damu wala ya miaka.

Dawa yake ni rahisi kuitaja, ngumu kuishika: andika kadi moja kwa kila mtu, usiandike kadi kwa kila jina. Anza na Mukasa wa A, wa B na wa C, na kila karatasi unayoipata iweke kwa yule mmoja tu ambaye miaka yake inamkubali. Kisha waulize wazee maswali matatu, kila mzee peke yake. Nani alisimikwa kuwa musika wa Mukasa? Nani alishika mkuki na kuvishwa lubugo, nguo ya gome la mti, siku hiyo? Je, huyo aliyesimikwa alikuwa na jina gani kabla? Swali la tatu ndilo linalofungua mlango, kwa sababu jina la zamani la musika ndilo utakalolikuta kwenye kitabu cha ubatizo. Ukiwauliza wazee wakiwa wamekaa pamoja, mkubwa wao atajibu na wengine wataitikia. Utaondoka na jibu moja lililorudiwa mara tano, ukadhani una mashahidi watano.

Karatasi za matanga zenyewe hazitumiki inavyostahili. Familia nyingi zina daftari la mabugo, yaani orodha ya michango ya mazishi: majina, kiasi cha pesa, pengine na kijiji cha mchangiaji. Daftari la mwaka 1958 halimtaji mtu wa 1850, lakini linakuonyesha ni matawi yapi ya ukoo yalijiona yanawajibika kuchangia. Tawi lililotoa mchango mkubwa kutoka mbali, ambalo leo hakuna anayelikumbuka, ndilo la kufunga safari kwenda kulitafuta. Huko mara nyingi ndiko jina la kweli lilikobaki.

Majina ambayo si majina

Makarani wa kanisa na wa serikali waliandika walichokisikia. Mtu akisema baba yake ni Ssalongo, liliandikwa Salongo, na leo wajukuu wanatafuta ukoo wa Salongo. Ssalongo ni baba wa mapacha, basi. Ndivyo ilivyo kwa Nnalongo, mama wa mapacha. Vyeo navyo vinapoteza watu: Pokino ni mkuu wa Buddu, Ssekiboobo wa Kyaggwe, Mukwenda wa Ssingo, Kangaawo wa Bulemeezi. Ukikuta barua inayosema "mtu wa Kangaawo", hilo linakuambia aliishi chini ya nani, halikuambii alizaliwa na nani. Mukasa wa mfano wetu pia ana shida yake, maana ni jina la mungu wa ziwa na limeenea katika koo mbalimbali. Jina lenye faida ni lile la ukoo, kwa kuwa kila ukoo una yake ya wanaume na ya wanawake. Mwenye jina la ukoo wa Nsenene hawezi kuwa baba wa damu wa mtu wa Ngeye. Ukiona hivyo kwenye karatasi, kuna kosa la karani au kuna jambo ambalo familia imelifunika.

Kisha kuna tahajia. Maandishi ya Kiganda yalisanifiwa mwaka 1947. Kabla ya hapo hakukuwa na makubaliano juu ya herufi za kurudufu, wala l na r hazikuwa na kanuni moja. Kwa hiyo Buddu ni Budu, Kyaggwe ni Kyagwe, Ssekiboobo ni Sekibobo, na Lubaga ni Rubaga. Unapotafuta katika faharasa, tafuta chini ya L na R, chini ya S moja na mbili, na chini ya K pamoja na C, kwa sababu "ky" mara nyingine iliandikwa "ch".

Hapa msomaji wa Kiswahili ana nafasi nzuri kuliko jirani yake. Wamisionari na wasafiri wa mwanzo waliingia Buganda na wapagazi na wakalimani kutoka pwani, na nyaraka zao zimejaa maumbo ya Kiswahili: Unyoro, Usoga, Waganda, Mtesa. Jina la nchi hii lenyewe, Uganda, ni Buganda iliyopita kwenye ulimi wa Kiswahili. Anayetafuta "Busoga" katika barua za miaka ya 1880 ataambiwa hakuna kitu, kumbe viko chini ya U. Neno shamba nalo limo hadi katika nyaraka za Kiingereza za serikali ya kikoloni, likimaanisha lusuku, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba.

Kumpa mwaka mtu asiye na mwaka

Umri ulioandikwa na padri mwaka 1903 ni wa kukisia. Utauona kwa tarakimu zake: 30, 40, 50, mara chache 35. Mtu wa "miaka 40" unaweza kumweka popote kati ya 33 na 48 bila kumwonea. Badala ya kuuamini, mtundike kwenye matukio. Kabaka (mfalme wa Buganda) Suuna alifariki mwaka 1856, Muteesa wa Kwanza mwaka 1884. Sotoka iliyoua ng'ombe ilipita karibu na 1890. Vita vya Mengo, ndivyo vile vya dini, vilipiganwa tarehe 24 Januari 1892. Kabalega wa Bunyoro alikamatwa Aprili 1899. Reli ilifika Kisumu mwishoni mwa 1901. Swali zuri si "alizaliwa lini?" Swali zuri ni "ng'ombe walipokufa, alikuwa ameoa?" au "Muteesa alipofariki, yeye alikuwa wa kubebwa mgongoni, wa kuchunga, au wa kwenda vitani?" Majibu mawili ya namna hiyo yanakupa mwaka wa kuzaliwa ndani ya miaka 10, na kwa mkulima wa karne ya 19 hiyo ni bahati.

Bugisu kuna saa nzuri zaidi. Imbalu, sherehe ya tohara, hufanyika miaka inayogawika kwa mbili, na kundi la kila msimu lilipewa jina kutokana na jambo la wakati huo. Ukijua babu alitahiriwa pamoja na kundi gani, kisha ukapata mtu mwingine wa kundi hilo mwenye tarehe kanisani, umempata ndani ya miaka michache. Wasabiny wana marika ya pinta yanayofanya kazi kama hiyo, ingawa rika lao ni pana na linakubali kosa kubwa zaidi.

Jihadhari na hesabu ya vizazi. Watu hupenda kukata miaka 25 kwa kila kizazi, lakini mzee mwenye wake wanne alizaa akiwa na miaka 22 na bado anazaa akiwa na 55. Mtu aliyezaliwa 1930 akiwa mtoto wa kwanza wa mtoto wa kwanza, babu yake huenda alizaliwa miaka ya 1880. Rika lake aliye kitinda mimba wa kitinda mimba, babu yake huenda alizaliwa miaka ya 1820. Wote wawili wanasema "babu", na wanatofautiana kwa miaka 60.

Risiti isiyo na tarehe hupimwa kwa pesa yake. Simbi zinarudisha nyuma hadi mwanzo kabisa wa kodi. Rupia ni kabla ya 1920, florini ni 1920 na 1921, shilingi ni baada ya hapo. Kodi ya nyumba ya mkataba wa 1900 kati ya Buganda na Waingereza ilikuwa rupia 3 kwa kila nyumba, lakini idadi ya nyumba usiichukue kuwa idadi ya kaya. Watu walirundikana katika nyumba moja ili walipe mara moja, na baba anayeonekana hana nyumba huenda analala kwa ndugu yake.

Kwa familia za Kiislamu za Butambala, Bombo au Jinja, tarehe huenda ziko mahali pengine kabisa: ukurasa wa mwanzo wa msahafu wa zamani, zimeandikwa kwa hati ya Kiarabu, pengine kwa maneno ya Kiswahili. Mwaka wa Hijria uzidishe kwa 0.97, kisha ongeza 622. Mwaka 1310 unakupeleka 1892, na hakika ulianza Julai ya mwaka huo. Kosa la kawaida ni kuongeza 622 tu bila kuzidisha, na babu anaruka mbele karibu miaka 40.

Vitabu vya kanisa

Mapadri wa White Fathers walifika Buganda Februari 1879, na Waprotestanti wa CMS (Church Missionary Society) walikuwa wametangulia mwaka 1877. Ubatizo wa kwanza wa Wakatoliki ulifanyika mwaka 1880, wa Waprotestanti 1882. Lakini mkulima wa kawaida wa kijijini hutamwona huko. Utaanza kumwona baada ya vita kutulia, katikati ya miaka ya 1890 na kuendelea, na hata hapo humwoni akibatizwa yeye. Unamwona kama baba wa anayebatizwa au anayeoa.

Kwa hiyo usianze kwa kumtafuta babu. Tafuta watoto wake wote, wa wake wote, na soma safu ya baba katika kila ingizo. Watoto sita watakupa tahajia sita za jina lake, vijiji viwili au vitatu, na pengine cheo. Vitabu vya ndoa vya Kianglikana vina faida ya pekee kwa sababu viliuliza kazi ya baba. Neno "mulimi" (mkulima) au "mukopi" (mtu wa kawaida asiye na cheo) mbele ya jina ndilo linalomtenga na mtemi au mtu wa ikulu mwenye jina kama lake.

Vitabu vya Kikatoliki viliandikwa kwa Kilatini. Maneno machache yanatosha: filius na filia ni mtoto wa kiume na wa kike, pater na mater ni wazazi, patrinus ni msimamizi wa ubatizo. Maneno in periculo mortis au in articulo mortis maana yake alibatizwa akiwa mahututi. Maneno haya usiyaruke. Kwa kanuni ya White Fathers, mtu mzima alifundishwa miaka minne kabla ya kubatizwa, na wazee wengi hawakuitaka safari hiyo, hasa mwenye wake wengi ambaye angetakiwa kubaki na mmoja. Walibatizwa kitandani, siku za mwisho. Mzee aliyezaliwa miaka ya 1830 anaweza kuwa na mstari mmoja tu wa wino maishani mwake, nao ni huo. Angalia pia pembeni mwa ukurasa, ambako ndoa ya baadaye iliongezwa pamoja na jina la parokia ilikofungwa.

Ukienda parokiani nenda siku ya kazi, si Jumapili. Peleka jina, majina ya wazazi, kijiji, na miaka isiyozidi 10 ya kupekuliwa. Katibu wa parokia akiambiwa "miaka ya zamani" atafunga kitabu. Kadi ya ubatizo ya mtoto au mjukuu yeyote yenye namba huokoa saa nyingi. Chukua penseli, acha kalamu ya wino nyumbani, na piga picha ya ukurasa mzima badala ya mstari mmoja, kwa kuwa waliobatizwa siku hiyohiyo mara nyingi ni majirani na ndugu. Parokia ikisema vitabu vya mwanzo havipo, uliza ilizaliwa kutoka parokia gani. Sehemu kubwa ya Buddu ilihudumiwa na Villa Maria, iliyoanzishwa 1892, kabla ya vigango vyake kuwa parokia. Nyaraka za Kanisa la Uganda zimehifadhiwa Mukono, katika Chuo Kikuu cha Kikristo. Barua za CMS ziko Chuo Kikuu cha Birmingham. Shajara za White Fathers ziko Roma.

Ardhi: jina lake halimo, lakini yeye yumo

Mkataba wa tarehe 10 Machi 1900 uligawa ardhi ya Buganda kwa maili za mraba, kila moja ekari 640, na kutokana na hizo likaja neno mailo. Waliopewa ni Kabaka, watu wa ukoo wa kifalme, watemi na wakuu wengine. Mkulima alijikuta amelala mwenyeji akaamka mpangaji juu ya kibanja chake, kipande cha ardhi anachokalia na kulima. Usipoteze pesa kutafuta hati miliki ya mukopi wa mwaka 1900. Tafuta hati ya bwana wake.

Anza na bloku na ploti ya mahali familia iliko leo, omba upekuzi katika ofisi ya ardhi ya kanda husika, kisha rudi nyuma kutoka mgawanyo hadi mgawanyo mpaka kwenye juzuu na folio ya daftari la mailo, na mwisho cheti cha mwanzo cha mgao. Jina la aliyegawiwa kwanza likishapatikana, unajua mtemi gani alikuwa na watu pale, na kutoka kwa mtemi unapata dini, kanisa, na mara nyingi mahali walikotoka kabla ya 1900. Upimaji ulianza mwaka 1904 na ukaendelea hadi miaka ya 1930, kwa hiyo mpaka wa kwanza kwenye ramani si lazima uwe ndio mpaka wa 1900. Risiti za busuulu, ambazo sheria ya 1927 ilizipangia kiwango, ndizo zinazomuunganisha mtu wa kibanja na mailo fulani. Zihifadhi kwenye bahasha kavu, moja moja, bila kuzibana kwa pini.

Halafu toka nje uangalie ardhi yenyewe. Ekijja, makaburi ya familia, hukaa mara nyingi kando ya lusuku la zamani. Mituba, miti ambayo magome yake hutengenezwa nguo, hupandwa kwa vijiti vinavyochipua, na mstari wa mituba minene mara nyingi ulikuwa mpaka. Kaburi lililosakafiwa kwa saruji na kuandikwa "alizaliwa 1840" lilisakafiwa juzi. Hiyo 1840 ni makisio ya mtu, muulize aliipataje. Na kaburi la mzee kabisa mahali hapo lisipozidi miaka ya 1890, usiseme familia ilianzia hapo. Wakatoliki walirundikwa Buddu na Waislamu Butambala baada ya vita vya 1892. Pwani ya ziwa na visiwa vyake vilihamishwa watu kwa sababu ya malale kati ya 1906 na 1909. "Kwetu" ya familia nyingi za bara ni kambi ya wakimbizi iliyosahaulika kuwa kambi.

Nje ya Buganda hakuna njia hii ya mailo, na kuna mtego wa mipaka. Jimbo la Mashariki la Uganda lilihamishiwa Kenya ya leo tarehe 1 Aprili 1902, kwa hiyo Msamia wa upande wa Kisumu anaweza kuwa na karatasi yake ya mwanzo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Uganda, ambayo sasa iko Wandegeya, Kampala, baada ya kutoka Entebbe. West Nile ilikuwa ndani ya eneo la Lado chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi 1910, ikapita Sudan, ikaingia Uganda 1914. Mtu wa Arua anayetafuta ripoti ya 1905 Kampala anapoteza nauli. Nao Wanyoro wa Buyaga na Bugangaizi waliandikwa chini ya Buganda, kwa Kiganda na wakati mwingine kwa majina ya Kiganda, hadi kura ya maoni ya 1964 iliyowarudisha Bunyoro.

Mkulima hasa alikuwa nani

Tumesema "babu mkulima" kwa sababu ndivyo karatasi zinavyosema. Buganda ya karne ya 19, lusuku lilikuwa mikononi mwa mwanamke. Mwanamume alijenga, alipiga magome ya mtuba, alikwenda vitani na kufanya kazi ya mtemi. Neno "mulimi" mbele ya jina la mume mara nyingi ni kazi ya mke aliyeandikwa kama mama wa fulani tu.

Wapo pia wanawake ambao ukoo wao hautajwi kabisa, au unatajwa kwa sauti ya chini. Mashambulizi ya Buganda dhidi ya Bunyoro na Busoga yalileta mateka wengi, na watoto wao wakaingia katika ukoo wa baba. Wapo na wanaume waliopokewa katika ukoo kwa hisani au kwa udugu wa damu. Nasaba ikikatika ghafla kwa mtu asiye na ndugu, asiye na kijiji cha wazazi, wala shangazi anayetajwa kwa jina, fikiria uwezekano huo kabla ya kujaza nafasi kwa jina la kubuni. Liulize jambo hili faraghani, si mbele ya watoto wa boma.

Njia ya kumpata mwanamke huyo, kama alikuwa wa ukoo wa Kiganda, ni musika wake. Mwanamke hurithiwa na mwanamke wa ukoo wake mwenyewe, mara nyingi binti wa kaka yake, si binti aliyemzaa. Basi muulize ssenga, yaani shangazi, mkubwa wa familia: yule aliyesimikwa kuwa musika wa jjajja wa kike, alitoka kijiji gani? Kijiji hicho ndicho nyumbani kwa baba yake, na parokia ya hapo ndiyo ya kwenda kuomba kitabu.